Nyuma ya pazia ya defile: karatasi, pini na pasi ya makala

Wandugu, kila mara picha za defile zikipita kwenye telefone, hakukosekani mtu mwenye anaandika chini: "Bale banakula raha!" Anaona taa, anaona binti mwenye robe ndefu anatembea kama vile sakafu ni yake, anaona mwimbaji fulani amekaa mstari wa mbele na miwani nyeusi ndani ya sali. Sikatai, raha iko. Lakini iko upande mmoja tu wa pazia. Upande ule mwingine kuko watu kumi na tano wanatoka jasho. Mmoja ameshika pini kwa meno, mwingine anapuliza makala ya pasi, na mwingine amesimama na karatasi mkononi anaita majina kwa sauti ya chini. Ule wa karatasi nilikuwa mimi.

Ilikuwa Butembo, siku ya posho. Mambo ya mitindo sikusomea. Nilisomea kilimo, niko na licence, na wakati ule nilikuwa natafuta kazi kama wengi wenu munaosoma hapa. Rafiki yangu wa kamati aliniambia: "Kuya utusaidie, wewe unajuaka kupanga tablo." Ilikuwa kweli. Mtu mwenye amekwisha kusimamia jaribio la maharagwe, akapima urefu wa kila mmea kila juma na kuandika, tablo haimuogopeshi. Nikakubali bila kuuliza swali hata moja, na hilo njo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nitalirudilia.

Naandika juu hizi kazi zinazidi kuongezeka kwetu. Kuko defile za mafundi wa kushona, za mamiss, za siku ya wanawake, za kufungua duka. Na wenye wanaitwa kusaidia ni wanafunzi na wenye wametoka chuo juzi, bila mtu wa kuwaeleza kazi yenyewe inatembea namna gani.

Tuanze na saa, maana saa njo mfalme.

Paris, defile ya fundi mmoja inachukua kama dakika 10 mpaka 15, kisha kila mtu anarudi kwake. Kwetu watu hawawezi kulipa tiketi kwa dakika 12! Kwa hiyo defile inakuwa sherehe nzima: kuko hotuba, mchekeshaji, wimbo wa staa, tena hotuba. Lakini ndani ya ile sherehe kunabaki vipande vya nguo, na kila kipande kiko na hesabu yake. Angalieni yetu. Tulikuwa na nguo 24 kwa mafundi wanne, na bamanekeni 8. Kila mmoja anatoka mara tatu. Podiumu ilikuwa na mita 16, kwenda na kurudi ni mita 32. Kwa viatu virefu binti anatembea polepole, tuseme sekunde 40, kisha anasimama mbele ya wapiga picha sekunde 10. Jumla sekunde 50. Ukitoa mtu mpya kila sekunde 30, zamu ya wa kwanza inamrudilia kisha dakika 4, ni kusema sekunde 240. Ondoa zile 50 za kutembea. Ondoa 30 za kusimama kwenye mstari mbele ya kutoka. Ondoa 20 za kukimbia kufika pahali pa nguo na kurudi. Kunabaki sekunde 140. Dakika mbili na nusu hazifiki! Ndani yake avue robe, avae nyingine, abadilishe viatu, hereni na kitambaa ya kichwa.

Sasa fundi mmoja alituletea robe yenye vifungo 22 mgongoni. Nzuri sana, vifungo vyote amevika kitambaa kwa mkono. Tulijaribu siku ya ine kwenye maandalizi, na watu wawili wakivifunga walitumia dakika tatu na zaidi. Basi kulikuwa njia mbili tu: ile robe itoke ya kwanza kabisa, maana mtu wa kwanza anavalishwa bila haraka, ao itoke kisha wimbo wa staa. Fundi mwenyewe aliitaka mwisho, juu mwisho njo watu wanakumbuka. Tukaiweka kisha wimbo. Unaona? Mtazamaji anafikiri mwimbaji amewekwa pale katikati kwa kufurahisha watu. Ni kweli, lakini anafurahisha watu wakati sisi tunafunga vifungo 22.

Ile hesabu njo inazaa karatasi. Kila manekeni iko na jina lake kwenye fimbo ya kutundikia nguo, na nguo zake tatu zinafuatana toka kushoto kwenda kuume. Kwa kila nguo kuko kikaratasi: namba ya kutoka, jina la fundi, viatu gani, hereni gani, mkoba ao hapana, na picha ya nguo ikiwa imevaliwa. Ile picha usiidharau. Kuko kitambaa yenye unaweza kuifunga namna sita, na moja tu njo fundi aliitaka. Viatu vinakaa chini ya nguo yake, hereni ndani ya kifuko kidogo kilichopigwa pini kwenye nguo. Kila manekeni anapaswa kuwa na mvalishaji wake. Sisi tulikuwa na wavalishaji watano kwa manekeni nane, kwa hiyo wengine walivalisha wawili, na kwa wale niliachanisha namba mbali: namba 2 na namba 6, kamwe 2 na 3. Ule mwenye kusimamia mlango, yaani mimi, hafungi vifungo, hatafuti kiatu, hasalimii mtu. Anaangalia podiumu, anaangalia karatasi, anasema "enda." Mara mbili niliacha mlango nikaenda kutafuta mkufu, na mara zote mbili kulikuwa shimo: podiumu tupu, muziki unapiga, watu wanageuka kuangalia simu zao.

Mambo mengine ni ya mikono, na hayaandikwi pahali.

Viatu vingi si vyetu, tumeviazima dukani. Kwa hiyo chini ya soli tunabandika skochi ya karatasi, kiatu kitembee bila kuchubuka na kirudi dukani kikiwa kipya. Lakini skochi inateleza kwenye sakafu iliyopigwa nta, basi unaikwaruza kidogo kwa kisu. Mbele ya kuvaa nguo ya kupitia kichwani, unafunika uso wa binti na kitambaa laini, la sivyo unga na rangi ya midomo inabaki kwenye shingo ya nguo, na nguo nyeupe ndiyo imekufa hivyo. Alama nyeupe za deodora unaziondoa kwa kusugua na soksi ya nilo, maji yanazizidisha. Hakuna kula na nguo mwilini. Kukaa pia hapana, hasa na kikwembe yenye imepigwa pasi, maana mikunjo ya nyuma inaonekana mpaka mstari wa mwisho.

Pasi yenyewe ni mambo. Wale wa Ulaya wako na mashine ya mvuke. Sisi tulikuwa na pasi mbili za umeme, lakini umeme ulikuwa wa gurupu, na gurupu haikupenda pasi mbili, taa na sono kwa pamoja. Kwa hiyo pasi ya makala ilirudi kazini. Inafanya kazi vizuri sana kwa kikwembe ya pamba. Lakini cheche moja ikiruka kwenye kitambaa cha plastiki, shimo. Tulimpa kazi hiyo mama mmoja mzee mwenye anapigaka pasi kwa riziki yake. Alipiga pasi nje ya mlango, upepo ukiwa mgongoni mwake, na nguo zote alizileta safi. Kati yetu sisi wote wenye diploma, hakuna mwenye angeweza.

Na gurupu ilizimika, ndiyo. Namba 14 alikuwa katikati ya podiumu. Kanuni tuliyowapa tangu maandalizi: muziki ukikatika, munaendelea kutembea, na mimi naendelea kuhesabu kwa mdomo. Taa za mchana ziliingia madirishani, watu wakaanza kupiga mikono, binti akatembea na ile mikono. Wengi mpaka leo wanafikiri ilipangwa.

Jambo lingine nitalisema bila kuzunguka: chumba cha kuvalia. Pale mabinti wanavua nguo mbele ya watu, tena haraka, na wengine walikuwa wa miaka 18, mara yao ya kwanza. Kila saa kulikuwa mwanaume mwenye anataka kuingia. Mmoja ni mpiga picha, mwingine rafiki wa kamati, mwingine anafuatana na staa, mwingine "nakuja tu kusalimia." Tulitundika vikwembe pembeni kwa kufanya kajumba, wavalishaji wa mabinti wakawa wanawake tu, na simu za wote zikabaki ndani ya kitunga mlangoni kwa yaya mmoja mwenye hakuna mtu wa kumtania. Kuko mtu mkubwa kidogo alikasirika. Yaya akamwambia: "Papa, hata simu ya mtoto yangu iko humu." Akarudi kukaa. Kama unaitwa kusaidia defile na ukauliza nani analinda mlango wa kuvalia, na hawana jibu, usipeleke dada yako.

Kuhusu usafi hatukuhitaji kufundishwa. Watu wa Beni na Butembo tuliishi na Ebola tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ndoo ya robine mlangoni ni kama mtu wa nyumba. Tuliiweka, na kila manekeni akawa na kiponji chake cha unga, maana kuzungusha kiponji kimoja kwa nyuso nane ni kuzungusha vipele.

Sasa mastaa. Juu ya nini tunawaleta, na wanakula nusu ya feza yote?

Sisi Wakongomani hatuwezi kushangaa. Papa Wemba, tangu alipoanzisha Viva la Musica mwaka 1977, alifundisha nchi nzima kama mavazi ya mwimbaji ni nusu ya muziki wake. Kijana wa Kinshasa alijua majina ya mafundi wa Ulaya na Japani kwa sababu ya nyimbo na sape, wala si kwa sababu ya magazeti. Staa akikaa mstari wa mbele, picha inatembea. Picha ikitembea, fundi anapata simu. Ni biashara, na pahali pengine ni vilevile. Dar es Salaam, Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, na leo fundi wa pwani anajua kuko jukwaa la kuonyesha kazi yake. Karibu nasi, Goma iko na Liputa Fashion Show, na ilipeleka picha za Goma mbali kwa habari yenye haikuwa ya vita.

Lakini staa hawezi kuokoa maandalizi mabaya. Kisa ninachokipenda ni cha Versailles, Ufaransa, tarehe 28 Novemba 1973. Mafundi watano wa Ufaransa na watano wa Marekani walionyesha nguo kwa usiku mmoja ndani ya jumba la wafalme, kwa kukusanya feza za kulitengeneza. Wageni walikuwa watu kama Grace wa Monako na Andy Warhol. Wafaransa walileta Josephine Baker aimbe, tena mapambo makubwa, mpaka gari la boga na roketi. Upande wao ulichukua zaidi ya saa mbili. Wamarekani walileta Liza Minnelli na pazia kubwa ya kuchora, kumbe vipimo vilikosewa, futi na mita zilichanganyikana, pazia ikawa fupi. Wakatoka karibu bila mapambo, na muziki wa kanda na wanamitindo wenye kutembea vizuri, wengi wao Weusi kuliko ilivyozoeleka wakati ule. Ilichukua kama nusu saa, na watazamaji walisimama kuwashangilia wao. Mimi kama mtu wa kilimo namuhurumia sana ule wa kipimo. Nimekwisha kuona shamba lote linapandwa vibaya juu ya kamba moja yenye ilipimwa kwa hatua ya mtu mrefu.

Kuko pia njia ya kufanya bila chumba cha kuvalia kabisa. Mei 2020, wakati korona ilifunga dunia, Anifa Mvuemba, mzaliwa wa Nairobi kwa wazazi Wakongomani, akikulia Marekani, alionyesha nguo zake za Hanifa kwenye Instagram. Nguo zilitembea peke yake, bila mwili, zilizotengenezwa kwa kompyuta. Ile kazi aliiita Pink Label Congo, na mbele ya nguo alionyesha habari ya migodi ya koltani na watoto wanaochimba. Niliitazama kwenye simu yenye kioo kimepasuka, hapa Butembo, nikafikiri juu ya simu yenyewe. Lakini hata pale, usidanganyike: kitambaa cha kompyuta kinapaswa kupimwa, kukatwa na kushonwa na mtu fulani, saa nyingi, nyuma ya pazia lingine.

Tena kwetu staa analeta shida moja ambayo Paris hawana: saa ya kurudi. Tangu Mei 2021 Nord-Kivu iko chini ya utawala wa kijeshi, na usiku si wetu. Kwa hiyo defile ni mchana. Tulipanga kuanza saa nane, staa akafika saa kumi kasoro, na tangu pale kila kitu kilikuwa cha kukimbilia giza. Ndani ya ule mukimbio njo nilipoteza robe.

Mama mmoja wa Beni, fundi wa kushona mwenye mashine mbili na wanafunzi wawili, alitutumia nguo sita. Hakukuja mwenyewe. Kati ya Beni na Butembo ni kama kilometa 54, si mbali, lakini kila mtu anajua ile barabara iko na saa yake ya kupita na saa ya kubaki nyumbani, na yeye alikuwa na watoto. Nguo zilikuja kwa dereva, ndani ya shuka safi, pamoja na karatasi ya kaye: nguo moja moja na bei yake. Nilitia sini chini, jina langu lote. Moja ya zile nguo ilikuwa robe ya kikwembe ya bleu na manjano, shanga zimeshonwa kwa mkono kifuani. Haikuwa hata yake tena. Mteja alikwisha kuilipa kwa dote ya dada yake, juma mbili mbele, na kwa wema akakubali itembee kwanza kwenye podiumu.

Ilitembea, namba 9, watu wakapiga kelele. Yule mwimbaji, tulimwalika toka mji mwingine, alikuwa anangoja zamu yake karibu na pazia. Akaiona. "Nataka kuimba nayo." Mimi nikasema mwenyewe hayuko hapa. Mkubwa wa kamati akasema: "Mupe, ni mgeni wetu, tena ni pub kwa mama." Nikaitoa. Sikuandika chochote. Mtu mwenye alipanga nguo 24 kwa sekunde, hakuandika mstari mmoja kwa nguo ya 25. Aliimba nyimbo mbili, akashuka upande ule mwingine, gari lilikuwa linawaka kwa sababu ya saa, akaenda. Niliijua ile robe imeenda pale tulipokuwa tunahesabu fimbo, jua likiwa chini. Ishirini na tatu.

Siku ileile nilimpigia mama. Hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Aliuliza tu: "Wewe njo ulitia sini?" Nikasema ndiyo, mama.

Kamati walisema "itarudi, usijali." Kisha walisema "tunaendelea kufuata." Kisha simu yangu haikujibiwa. Feza yangu ya kazi pia: nilikuwa nimeambiwa kwamba nitapata "visibilité" na kitu kidogo. Kile kitu kidogo kilikuwa chakula ya sahani moja na feza ya moto ya kurudi. Ile visibilité sijui ilikaa wapi, maana kwenye picha zote sionekani hata mkono. Hapa njo narudilia kosa la kwanza. Wandugu, kama munaitwa, ulizeni mbele ya kukubali, na munaweza kuuliza bila kumvunjia mtu heshima: nitalipwa ngapi na siku gani, nani analipa moto kama saa imepita, nani atalipa nguo ikiharibika, na mkubwa wa nyuma ya pazia ni nani, mmoja tu, mwenye neno lake halivunjwi na mtu wa kamati. Hilo la mwisho ni zito kuliko feza. Nilikuwa na karatasi, sikuwa na mamlaka. Na nguo ya kuazima haitoki kwa mkono wako bila jina, saa na sini ya mwenye kuichukua, hata awe staa, hata awe mkubwa wa kamati. Akikataa kutia sini, amekujibu.

Robe ilirudi siku ya 11, kwa mkono wa msafiri, ndani ya mfuko wa plastiki. Shingo ilikuwa na rangi ya uso. Shanga za upande wa kushoto zilikuwa zimekatika, kama kiganja kizima. Niliipeleka Beni mimi mwenyewe asubuhi yake, na feza ya shanga nilizoazima kwa yaya yangu. Mama aliikunjua juu ya meza, akaipitisha vidole, hakusema kitu. Akamtuma mwanafunzi wake sokoni kutafuta shanga za rangi ile. Walishona usiku mbili. Shingo ilisafishwa, lakini ukijua pahali pa kuangalia, unaona. Dote ilifanyika, binti aliivaa. Niliona picha.

Miezi kama minne kisha, kulikuwa habari ya defile nyingine, na mama alinipigia simu mwenyewe. Nilipofika kwake alinionyesha kaye mpya. Alikuwa amepiga mistari kwa rula: nguo, bei, nani amechukua, saa, sini, imerudi namna gani. Ile safu ya mwisho mimi sikuwa hata nimeifikiria.

"Ile ya mwezi wa kumi na mbili, ni wewe utasimama mlangoni?"

"Kama wamenilipa nusu mbele, mama."

"Wasingya," akasema, na akanipa kalamu. "Basi anza wewe. Andika hapa."